Mpira Umeziba, au Utumbo?

Mzazi akipiga simu kliniki yetu ya watoto hapa Kisumu na kusema "imeziba," tunamuuliza kwanza: kilichoziba ni mpira wa kulishia, au ni tumbo la mtoto? Watoto wengi wanaolishwa kwa mpira muda mrefu wana mtindio wa ubongo na hawawezi kueleza wanapoumia, kwa hivyo jibu lazima litoke kwa mlezi.

Mpira kuziba ni kero tu. Uji wa wimbi wenye omena ya kusaga ni chakula kizuri, lakini usipochujwa vizuri hukwama njiani, na vidonge visivyopondwa vikalainika hukwama pia. Pitisha maji safi ya uvuguvugu kabla na baada ya kila mlo na kila dawa, kwa kiasi ulichoelekezwa. Ukiziba, sukuma na kuvuta maji hayo polepole kwa sirinji. Usitumie waya, wala soda. Watu huisifu sana soda, lakini hugandisha maziwa yaliyobaki ndani.

Tumbo ndilo linalotutia wasiwasi. Sababu tunayoiona sana ni choo kigumu. Mtoto hatembei, maji anayopewa ni machache, chakula chake hakina makapi, na pengine anatumia dawa zinazolegeza misuli au za kifafa. Choo hujikusanya siku baada ya siku hadi kinaziba utumbo mpana. Kisha linatokea jambo la kupotosha: mtoto anaanza kuhara. Ni majimaji yanayopenya kando ya choo kilichokwama. Mlezi anatafuta dawa ya kuzuia kuhara, na mzibo unazidi. Kama mtoto alikuwa amefunga choo siku kadhaa kabla ya kuhara huko, mlete apapaswe tumbo kwanza. Dawa za miti shamba zisipitishwe kwenye mpira, wala nyuma.

Kwa mtoto mwenye mpira wa tumboni, yaani unaoingia tumboni kupitia tundu kwenye ngozi, kuna hatari nyingine ambayo walezi wengi hawaijui. Mpira huo hushikiliwa ndani na puto dogo lenye maji. Nje usipobanwa vizuri, tumbo huuvuta ndani taratibu, na puto hufika kwenye mlango wa kutokea chakula na kuuziba. Hili hutokea hasa pale mpira wa mkojo unapotumika badala ya ule wa kulishia, kwa kuwa hauna kizuizi cha nje. Mtoto hutapika karibu kila akilishwa. Weka alama ya wino kwenye mpira, pale unapotokea kwenye ngozi, uitazame kila asubuhi. Alama ikizama ndani, acha kulisha. Usiukate wala kuujaza maji zaidi, njoo hospitalini.

Mtoto aliyewahi kupasuliwa tumbo anahitaji jicho kali zaidi, maana makovu ya ndani huweza kuukaba utumbo hata miaka baadaye.

Matapishi ya kijani, tumbo lililovimba na kukaza, kutotoa choo wala hewa, au kilio kisichotulizika: yoyote kati ya haya ni dharura. Simamisha chakula, fungua mpira wa tumboni ili utoe kilichomo, na uende penye daktari wa upasuaji. Kisumu ni hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji wanaiita Russia. Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Eldoret ni Moi. Usisubiri kliniki ya Jumatatu. Beba dawa zote anazotumia, na kama mpira umetoka, ubebe pia, kwani ukubwa wake umeandikwa juu yake na tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache.