Kufungia nje: ligi ya hoki inapofunga milango, na kwa nini hasira ya shabiki haifiki mezani

Kufungia nje ni hatua ya mwajiri kuwazuia wafanyakazi wake wasiingie kazini, na kwa hiyo wasilipwe, mpaka wakubaliane naye kuhusu mkataba. Katika mgomo, mfanyakazi ndiye anayeacha kazi. Hapa mwenye kazi ndiye anayefunga lango. Sheria za kazi za nchi nyingi zinaitambua hatua hii. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiri haki ya kufungia nje kwenye mgogoro wa masilahi, sambamba na haki ya mfanyakazi ya kugoma.

Mfano unaofaa zaidi kuielewa dhana hii katika michezo ni NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Tangu Gary Bettman aanze kuiongoza ligi hiyo Februari 1993, wamiliki wa timu wamewafungia nje wachezaji mara tatu: 1994, 2004 na 2012. Mara ya kwanza na ya tatu msimu ulipunguzwa kutoka mechi zaidi ya 80 kwa kila timu hadi 48. Mara ya pili haukuchezwa kabisa.

Mashabiki wengi huufupisha ugomvi huu kwa kusema ni matajiri wanagombana na matajiri wenzao, basi wote lawama moja. Kauli hiyo inaeleweka, ila inaficha jambo muhimu: ni nani aliyefunga lango. Mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji unapokwisha, hakuna sheria inayolazimisha mechi zisimame. Msimu wa 1993–94 ulichezwa wote bila mkataba mpya huku mazungumzo yakiendelea. Wamiliki walikataa kurudia utaratibu huo, na sababu yao iko kwenye kalenda ya fedha.

Mchezaji wa NHL hulipwa mshahara wake katika msimu wa kawaida, kuanzia Oktoba hadi Aprili. Mechi za mtoano zinapoanza, mshahara wake umeshamalizika, na kinachobaki ni bonasi ndogo tu. Kwa mwenye timu ni kinyume: mtoano ndio msimu wake wa mavuno, tiketi zimepanda bei na mishahara imeshalipwa. Kwa hiyo chama cha wachezaji kikigoma mwanzoni mwa Aprili, kinamshika mwenye timu mahali panapouma huku wachezaji wakiwa hawapotezi karibu chochote. Hivyo ndivyo walivyofanya mwaka 1992, mgomo ukaisha ndani ya siku 10. Wamiliki wakajifunza. Ukifunga lango katikati ya Septemba, mkataba unapokwisha, mchezaji ndiye anayeanza kuumia: hundi ya kwanza ya Oktoba haifiki, ya pili haifiki, huku ukumbi ukiwa umepunguza gharama zake. Ndiyo maana shabiki wa hoki amezoea kuharibiwa Oktoba na Novemba yake.

Sasa, wanagombania nini? Kiini ni asilimia ya mapato ya ligi inayokwenda kwa wachezaji. Mwaka 2004 ligi ilitoa ripoti iliyoandikwa na Arthur Levitt, aliyewahi kuongoza tume ya soko la hisa la Marekani, ikisema mishahara inakula takribani asilimia 75 ya mapato. Chama cha wachezaji kiliyapinga mahesabu hayo. Ligi ikadai kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu haiwezi kukivuka ikijumlisha mishahara ya kikosi chote. Chama, chini ya Bob Goodenow, kilisema kikomo hakikubaliki hata kidogo, ingawa Desemba 2004 kilikubali kukata asilimia 24 ya mishahara yote iliyokuwa imeshasainiwa.

Katikati ya Februari 2005 chama kililegeza kamba na kukubali wazo la kikomo. Pande mbili zikabaki zikitofautiana kwa tarakimu tu: ligi dola milioni 42.5 kwa timu, wachezaji dola milioni 49. Hawakuafikiana. Tarehe 16 Februari 2005 msimu ulifutwa, mechi 1,230 zikapotea, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1919, mwaka wa homa ya mafua ya dunia nzima, Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi, halikupata mshindi. Mkataba ulipopatikana Julai 2005, kikomo cha kwanza kilikuwa dola milioni 39. Wachezaji walipoteza mshahara wa mwaka mzima, kisha wakasaini kikomo kilicho chini ya kile walichokikataa Februari. Mfumo mpya uliunganisha kikomo na mapato, kwa hiyo kilipanda haraka miaka iliyofuata, lakini kwa shabiki aliyekaa mwaka mzima bila mechi jibu hilo halikuwa na ladha yoyote.

Mwaka 2012 ndio uliowachoma zaidi mashabiki, nami naona walikuwa na haki kamili. Mapato ya ligi yalikuwa yamefika takribani dola bilioni 3.3 kwa msimu, na wachezaji walikuwa wanapata asilimia 57. Kila asilimia moja, kwa hiyo, ilikuwa kama dola milioni 33 kwa mwaka. Ofa ya kwanza ya wamiliki mwezi Julai ilikuwa kuishusha sehemu ya wachezaji hadi asilimia 43. Wachezaji, sasa wakiongozwa na Donald Fehr aliyetoka kwenye chama cha wachezaji wa besiboli, waliichukulia kama tusi. Lango likafungwa katikati ya Septemba.

Tarehe 16 Oktoba ligi ikaleta ofa ya nusu kwa nusu, pamoja na msimu kamili wa mechi 82 kuanzia mwanzoni mwa Novemba. Siku mbili baadaye chama kikajibu kwa mapendekezo matatu, nayo yakakataliwa papo hapo. Mkataba ulipopatikana alfajiri ya 6 Januari 2013, mgawo ulikuwa upi? Nusu kwa nusu. Kilichobishaniwa kati ya Oktoba na Januari kilikuwa namna ya kuwafidia wachezaji waliokuwa na mikataba ya zamani (fungu hilo lilifika dola milioni 300), urefu wa mikataba, ambao uliwekewa ukomo wa miaka 7, au 8 kwa mchezaji anayebaki timu yake, na pensheni. Mambo hayo ni halali na yana uzito kwa anayeyaishi. Lakini mechi 510 za msimu wa kawaida zilifutwa wakati tarakimu kuu ilikuwa mezani tangu Oktoba, na shabiki aliyeifuatilia habari hiyo siku kwa siku aliliona hilo waziwazi.

Tena mechi hazikufutwa kwa mkupuo mmoja. Zilikatwa vipande vipande: kwanza za wiki mbili za Oktoba, kisha zikaongezwa, kisha Novemba yote, kisha mechi ya nje ya Mwaka Mpya iliyopangwa uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan kati ya Detroit na Toronto, kisha mechi ya nyota wa ligi nzima iliyokuwa iende Columbus, kisha Desemba. Kila kipande ni shinikizo kwa upande wa pili, na kinamfanya shabiki asijue apange nini. Aliyenunua tiketi ya mechi moja hurudishiwa pesa zake mechi ikishafutwa rasmi. Nauli ya ndege na chumba cha hoteli vinabaki kuwa mzigo wake, na hapo ndipo hasara kubwa ya mashabiki wa mechi ile ya Michigan ilipokuwa. Mwenye tiketi ya msimu ameshalipa miezi kabla, na klabu nyingi humpa uchaguzi: arudishiwe pesa kadiri mechi zinavyofutwa, au aziache klabuni zimhesabiwe mbele, mara nyingine na riba kidogo. Wengi huziacha, maana wanaogopa kupoteza viti walivyovishika kwa miaka mingi. Kwa hiyo klabu inakaa na fedha za shabiki wakati ule ule inapomfungia mchezo.

Nje ya ukumbi kuna watu ambao hasara yao haikuwa na njia ya kurudi. Wauza vyakula ukumbini, walinzi, wahudumu wa maegesho na wenye baa za jirani hulipwa kwa usiku wa mechi, na wao hawana chama mezani. Na kuna muda: Ron Francis na Al MacInnis walistaafu Septemba 2005 bila kucheza tena baada ya msimu ule uliofutwa. Mchezaji ana miaka michache tu ya ubora wake, na shabiki anayempenda anaihesabu pamoja naye.

Si mashabiki wote waliokuwa upande mmoja. Baada ya lango la 1994 kufunguliwa Januari 1995 bila kikomo cha mishahara, Quebec ilipoteza timu yake mwaka huo huo ikahamia Denver, na Winnipeg ikapoteza yake mwaka 1996 ikahamia Phoenix. Shabiki wa Edmonton au Calgary, miji mingine ya Kanada, mwaka 2004 alijua kwamba bila kikomo timu yake huenda ikafuata njia hiyo, na wengi huko walivumilia msimu uliopotea kwa sababu hiyo. Edmonton ilifika fainali ya 2006, msimu wa kwanza wenye kikomo. Anayesema wamiliki walidanganya tu waliposema kikomo kinaokoa timu za miji midogo hajasikiliza upande huo.

Hasira yenyewe imeshajaribiwa kwa njia kadhaa, nazo hazilingani nguvu. Kumzomea Bettman kila anapotoka kukabidhi kombe kumekuwa desturi isiyogharimu kitu na isiyobadilisha kitu. Mwishoni mwa 2012 lilianzishwa tamko la mashabiki kususia mechi moja kwa kila mechi itakayofutwa baada ya 21 Desemba. Wazo lilikuwa sahihi kwa sababu liligusa tiketi, na hoki hutegemea mapato ya mlangoni kuliko ligi ya futiboli ya Marekani, ambayo huishi kwa fedha za televisheni. Udhaifu wake ni kwamba lilikuja mwezi wa nne wa mgogoro, hesabu za pande zote zilikuwa zimeshapangwa.

Njia iliyozaa kitu cha kudumu ilikuwa ya mahakamani. Kundi la wachezaji wa ridhaa wa Ontario lilihoji kama NHL ina haki ya kulificha Kombe la Stanley wakati haichezi, kwa kuwa Lord Stanley alilitoa mwaka 1892 kwa ajili ya mchezo wa hoki, miaka mingi kabla ligi hiyo haijazaliwa. Shauri lilimalizwa kwa maelewano mwaka 2006: wadhamini wa kombe wana uwezo wa kulitoa kwa timu isiyo ya NHL katika mwaka ambao ligi haikucheza. Katika kipindi hicho hicho Gavana Mkuu wa Kanada, Adrienne Clarkson, alipendekeza kombe ligombaniwe na wanawake, na baadaye likaanzishwa kombe la wanawake lenye jina lake.

Kwa nini basi hasira nyingi namna hii haisukumi mazungumzo? Kwa sababu pande zote mbili zinajua kilichotokea baadaye. Msimu wa 2005–06 ulirudi na maneno ya kuwashukuru mashabiki yakiwa yameandikwa kwenye barafu, na wastani wa watazamaji ukavunja rekodi ya ligi. Mwaka 2013 kumbi zilijaa tena. Aliyetishia kutorudi alirudi, na mwenye timu aliandika hilo kwenye hesabu zake za lango lijalo. Walioondoka kweli walikuwa na uzito zaidi: mwaka 2005 ESPN, kituo kikubwa cha televisheni ya michezo, ilikataa kuendelea kuonyesha hoki kwa bei ya zamani, na ligi ikaishia kwenye kituo kidogo cha OLN. Hasara hiyo ilidumu miaka.

Kwa sasa hali ni tofauti. Julai 2025 ligi na chama waliidhinisha mkataba mpya zaidi ya mwaka mmoja kabla wa zamani haujaisha. Unaanza Septemba 2026, unaongeza msimu hadi mechi 84 kwa timu, na unakwisha Septemba 2030. Dalili ya kwanza ya kuangalia ni kama mazungumzo yataanza mapema hivyo tena, au yatasubiri kiangazi cha mwisho kama 2004 na 2012. Ya pili ni ofa ya kwanza ya wamiliki: ikiwa chini sana ya mgawo uliopo, kama ilivyokuwa 43 dhidi ya 57, Oktoba iko hatarini. Na mwenye tiketi ya msimu wa 2030–31 asome kabla ya kulipa kipengele kinachohusu mechi zilizofutwa kwa mgogoro wa kazi: pesa zinarudi lini, kwa riba gani, na kama akizichukua kiti chake kinabaki kuwa chake.