Walokole, uamsho na maombi ya pamoja: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mlokole ni mtu wa Pentekoste"

Neno lenyewe ni la Kiganda. Kulokoka ni kuokoka, na balokole ni waliookoka. Kiswahili kikalichukua, wakawa walokole. Waliobandikwa jina hilo miaka ya 1930 walikuwa Waanglikana wa Uganda na Rwanda, watu wa kitabu cha sala na ubatizo wa watoto wachanga. Hawakuanzisha dhehebu. Jumapili walikaa benchi moja na majirani waliowacheka, na katikati ya wiki wakakutana wao kwa wao katika ushirika.

Mwaka 1939 moto huo wa uamsho ulifika Katoke, kituo cha misheni magharibi mwa Ziwa Victoria, ukaingia Tanganyika na kuwagusa hadi Walutheri wa Bukoba. Kenya uliwashika Waanglikana na Wapresbiteri, na Wakikuyu wakawaita watu hao ahonoki. Leo Tanzania mlokole ni yeyote asiyekunywa bia na anayepokea simu kwa "Bwana asifiwe". Neno kupanuka si kosa. Lakini anayedhani wokovu wa mtu binafsi uliletwa Afrika Mashariki na vipaza sauti vya miaka ya 1980 amechelewa nusu karne.

"Uamsho huletwa na mtumishi mwenye jina"

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, watu wawili walikaa na Biblia zao siku mbili. Mmoja alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, aliyekuwa amechoka hoi baada ya njaa kubwa iliyoikumba nchi ile. Mwenzake alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi ya afya serikalini. Hapakuwa na jukwaa wala bango. Walifuatilia mafungu yanayomhusu Roho Mtakatifu, wakaomba, kisha kila mtu akashika njia yake. Nsibambi hakuwahi kuwa kasisi. William Nagenda, aliyekuja kuwa mmoja wa wahubiri waliosafiri sana katika uamsho huo, naye alibaki mlei.

Gahini kwenyewe mambo yalianza hivi. Siku chache baada ya Krismasi ya 1933 palikuwa na mkutano wa mafundisho, na Jumamosi, siku ya mwisho, watu walikuwa wameinamisha vichwa wakiomba. Mkristo mmoja mwenyeji akasimama akaanza kuungama kosa alilolitenda. Hakuna aliyekuwa ametaja habari za kuungama. Soni ikawatoka wote: kwa saa mbili na nusu watu walisimama kusema yao, wakati mwingine watatu kwa mpigo.

Wanaoandaa "wiki ya uamsho" siku hizi huanza na bajeti: mhubiri mgeni na posho yake, jenereta, turubai, viti vya kukodi. Mpangilio wenye historia upande wake ni mwingine. Wapatikane watu watatu hadi watano, wakutane saa ileile mahali palepale, kwa wiki sita hadi nane kabla hamjachapa bango lolote. Kikao cha kwanza kiwe na swali moja tu: kati yetu sisi tuliomo humu ndani, kuna nini ambacho hakijamalizwa? Mara nyingi hapo ndipo kikundi hupungua kutoka watano hadi watatu, na si hasara.

"Dalili yake ni kulia, kutetemeka na kuanguka"

Hayo yalitokea, na hakuna haja ya kuyaficha. Mwaka 1936, Gahini na vituo vya jirani, watu walilia kwa sauti, wakatetemeka, wakaimba usiku. Viongozi hawakuyazima yote, ila hawakuyafanya kuwa kipimo. Kipimo kilikuwa asubuhi yake: nani anaelekea kwa nani, na amebeba nini mkononi. Mifugo ilirudishwa kwa wenyewe, fedha zikarudi kwa waajiri, kodi iliyokwepwa ikalipwa. Zakayo katika Luka 19:8 hasimuliwi kuwa alitoa chozi. Alitaja hesabu, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliyemdhulumu.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu pale Gahini, aliandaa hoja tatu za kupeleka kwenye sinodi ya Kanisa la Uganda mwanzoni mwa 1936: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini wanaojulikana kuishi dhambini wanapewa meza ya Bwana, na lifanyike nini ili kanisa liamke. Homa ilimuua mwezi Januari kabla hajazisimamia mwenyewe. Katika zote tatu hakuna inayouliza watu wangapi walianguka.

"Kutembea nuruni ni kusema kila kitu mbele ya kila mtu"

Hapa ndipo vikundi vingi vimejikwaa, na vimeumiza watu. Maneno yanatoka 1 Yohana 1:7, na ndugu wa uamsho waliyatumia kwa maana ya kutoishi na kitu kilichofichwa. Hayakuwahi kuwa ruhusa ya kuanika kila jambo.

Dhambi huungamwa kwa upana uleule ilimotendeka. Wazo baya lililoishia moyoni huishia kwa Mungu. Uliyemkosea mtu mmoja, mfuate huyo, faragha, kabla hujafungua kinywa kwenye ushirika. Ulilolitenda hadharani ndilo huungamwa hadharani. Mambo ya zinaa hayasimuliwi kwa undani mbele ya mchanganyiko wa wake kwa waume, na mwenzi wa kosa hatajwi jina kamwe. Mwanamume ampelekee mwanamume mzee wa ushirika, mwanamke kwa mama anayemwamini.

Yakobo 5:16 inasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi." Dhambi zenu, si za jirani. Atakayesimama na kusema, "Namshukuru Yesu, nimemsamehe dada yetu kwa wivu wake," huyo ameshtaki. Maungamo safi yana mambo manne: tendo kwa jina lake ("niliiba", si "palitokea upungufu"), ni nani aliyeumia, nini kinarudishwa, na anayeungama aombewe nini. Dakika mbili zinatosha. Zikipita tano, aghalabu mtu ameingia kwenye utetezi.

Kwa fedha, mlipe mwenye nazo mbele ya shahidi mmoja, muandike kiasi na tarehe; zikiwa nyingi mkubaliane awamu. Aliyekiri wizi wa mfuko wa kanisa asirudishiwe ufunguo Jumapili inayofuata kwa kuwa tu "ametubu". Kusamehewa ni kitu kimoja na kukabidhiwa tena mali ni kitu kingine. Na kama kilichotajwa ni kumdhuru mtoto, hilo haliishii kwenye ushirika: mtoto hulindwa kwanza, na vyombo vya sheria huarifiwa. Kikundi kinachofunga jambo kama hilo kwa wimbo na maombi kimeshiriki kulificha.

Wimbo huo una kazi yake nyingine iliyo njema. Katika ushirika wa zamani, mtu akishamaliza ushuhuda, wenzake hupokea kiitikio cha Kiganda, Tukutendereza Yesu (tunakusifu Yesu), hata mahali ambapo hakuna anayejua Kiganda zaidi ya maneno hayo. Wakati wa kiitikio watu hukumbatiana au kushikana mikono na aliyesema, naye hukaa akiwa mwepesi. Kiitikio hicho kina faida ya pili ambayo kila mzee wa ushirika anaijua. Msemaji akianza kuzunguka Misri yote bila kuiona Kanaani, mama mmoja hukianzisha kwa sauti ya chini, wenzake wakakidaka, na ushuhuda umekwisha, apende asipende.

"Wawili watatu wanatosha"

Mathayo 18:20 husomwa kama faraja kila mahudhurio yakiwa haba. Anzia aya ya 15. Habari ni ya ndugu aliyekukosea na namna ya kumwendea: wewe na yeye peke yenu, kisha pamoja na mtu mmoja au wawili, kisha kanisa. Wale wawili watatu wamekusanyika juu ya ugomvi unaotafutiwa upatanisho. Kuutumia mstari huo kwa kikundi ambacho mwenyekiti na mhazini hawasalimiani ni kuusoma kinyumenyume.

"Maombi yakiwa marefu ndiyo yana nguvu"

Tupige hesabu. Watu 20 wakiomba mmoja mmoja kwa dakika tatu, hiyo ni saa nzima. Kufikia wa 12 nusu ya chumba kimeshasinzia, na wenye haya hawajafungua kinywa. Gawanyeni watu watatu au wanne kwa kila kundi. Saa moja na dakika kumi hukaa vizuri hivi: nyimbo mbili, dakika kumi; fungu moja la Neno, dakika kumi na tano; mahitaji, dakika tano; maombi, dakika arobaini.

Mtego uko kwenye mahitaji. Kila mtu hueleza ugonjwa wa shangazi tangu ulipoanza, saa inaisha, kisha mtu mmoja anaombwa "atufungie kwa maombi". Dawa yake ni karatasi: kila mmoja aandike mstari mmoja akiingia, na kiongozi asome. Mkiomba, shikeni jambo moja, watu wawili watatu waliongezee kwa sentensi fupi, wengine waseme amina, ndipo mhamie jingine. Asiwepo wa kumtangazia Mungu ratiba: "Baba, unajua kwamba Jumamosi saa tatu tuna kikao cha harusi." Mathayo 6:7 ilishaonya kuhusu kupayuka-payuka. Wekeni daftari lenye safu tatu, tarehe, ombi na jibu, na lifunguliwe kila mwisho wa mwezi. Maungamo ya watu yasiandikwe humo.

Kesha lina mahali pake, ila lipangwe kwa zamu. Kati ya saa nane na saa kumi usiku ndipo mwili hushindwa, na kelele huongezwa ili kuziba pengo. Kuhusu kufunga: mwenye kisukari, mjamzito, na anayemeza dawa kila siku asifunge bila kuongea na daktari. Kuacha dawa hakumo katika masharti ya Isaya 58.

"Walokole walilikimbia kanisa"

Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa, William Nagenda akiwemo. Moja ya mambo yaliyogombaniwa ni mikutano yao ya alfajiri: waliamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri, uongozi ukakataza, wakaendelea. Kwa uchungu ule wangeweza kuanzisha kanisa lao. Hawakufanya hivyo. Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huu mwaka 1948, alikufa mwaka 1977 akiwa Askofu Mkuu wa Kanisa lilelile la Uganda, chini ya utawala wa Idi Amin.

Migawanyiko ilikuja baadaye, kutoka ndani ya ushirika wenyewe. Kundi la Abazukufu, yaani walioamka tena, lilikaza masharti juu ya mavazi na kukopa hadi ndugu hawakukaa tena meza moja. Masharti ni rahisi kuyakagua kuliko moyo, ndiyo maana huvutia.

"Mahali palipowahi kuamshwa ni salama"

Rwanda, ulikozaliwa uamsho huu, ndiko yalikotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa. Anayesimulia Gahini bila kufika hapo anasimulia nusu.

Ndugu wa mwanzo walijua dhambi ya kabila hutajwa kama wizi unavyotajwa, na baadhi yao waliigharimia. Mchungaji Yona Kanamuzeyi aliuawa Rwanda mwaka 1964. Kenya, wakati wa Mau Mau, ndugu walikataa kiapo, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali. Wengine waliuawa kwa msimamo huo. Lakini maungamo yana tabia ya kusinyaa. Hubaki pombe, uzinzi na hasira nyumbani, makosa ambayo kikundi kizima kinakubaliana kuyachukia, na yale ambayo kikundi kizima kinanufaika nayo hayaguswi.

Kwa hiyo kiongozi wa ushirika asingoje yajitokeze. Ayaulize kwa majina yake mara moja kila robo mwaka, na hasa miezi ya kuelekea uchaguzi: mzaha gani wa kabila tumecheka wiki hii, shamba la mjane yupi liko mikononi mwetu, cheo gani cha kanisa kimegawanywa kiukoo. Kisha akae kimya dakika tano kamili, akiangalia saa, bila kuanzisha wimbo.