Je, wajua kwa nini flashi huchafua picha za chini ya maji?

Mtu wa Dodoma akisema anatafuta kamera ya kupigia picha chini ya maji, swali la kwanza analopewa ni la utani: maji yapi? Mabwawa yetu ya Hombolo na Mtera mvua zikinyesha hugeuka chai ya maziwa. Mimi nilikuwa najiandaa kwenda Mafia, ambako papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, na nilikuwa na hakika najua ninachotaka. Chini ya maji kuna giza, nikawaza, basi dawa ni kamera ndogo yenye flashi kali na megapikseli nyingi. Muuzaji alikubaliana nami haraka mno.

Nikaijaribu nyumbani. Pipa la maji uani, kijiko cha chuma kimening'inia kwa uzi, na ukucha mmoja wa udongo mwekundu nikaukoroga humo. Picha iliyotoka ilikuwa kama mtu amerusha unga wa uwele mbele ya lenzi: madoa meupe kila mahali, na kijiko kivuli tu nyuma yake. Nikazima flashi, nikapiga tena kwa jua la saa saba mchana. Kijiko kikaonekana. Udongo ulikuwa uleule, na megapikseli zilezile.

Kosa langu lilikuwa kudhani tatizo ni uhaba wa mwanga, wakati tatizo kubwa ni mahali mwanga unapotokea. Fikiria njia ya vumbi usiku wa kiangazi, lori limepita mbele yako. Ukiwasha taa fulu unajitengenezea ukuta mweupe. Sasa watembee watu wawili kwenye vumbi hilo. Mmoja kafunga tochi kwenye paji la uso, mwingine kaishika mbali, mkono kaunyoosha pembeni. Wa kwanza haoni kitu, kwa sababu kila chembe inayoangazwa mbele ya macho yake inamrudishia mwanga moja kwa moja. Wa pili anaiona njia: mwanga wake unaingia kwa upande, na vumbi lililo karibu na uso wake limebaki gizani.

Kamera ndogo ni yule wa paji la uso. Flashi yake iko sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi. Hesabu inazidi kuharibu mambo: nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo chembe iliyo sentimita 10 mbele ya flashi hupata mwanga mara 100 ya ule unaomfikia samaki aliye mita 1, kabla hata maji hayajala fungu lake. Kwa vile chembe hiyo iko karibu mno kulengwa, hutoka kama duara jeupe lenye ukungu. Duara hizohizo hutokea kwenye picha za ngoma za usiku uwanjani, vumbi likiwa limetimka, na wapo wanaoapa kuwa ni mizimu. Mizimu hiyo inapenda sana kamera ndogo.

Hata hivyo flashi si adui wa kila mahali. Maji hunyonya mwanga mwekundu mapema kuliko rangi nyingine, na baada ya mita chache kanga nyekundu huanza kuonekana ya kahawia au kijivu. Ukiwa karibu sana na kitu, flashi hurudisha wekundu huo. Ukiwa mbali, mwanga wake husafiri kwenda na kurudi, wekundu ukinyonywa njia zote mbili. Taa ya nje iliyowekwa kwenye mkono mrefu husaidia, ila kwenye maji ya Mtera ya masika sitarajii muujiza. Na kwa potwe hakuna mjadala: huja kula viumbe vidogo vinavyoelea, yaani maji yao yamejaa chembe kwa makusudi, na kanuni za kuogelea nao kwa kawaida hukataza flashi.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza dukani ni kamera inaweza kulenga kitu kwa ukaribu gani. OM System TG-7 ina megapikseli 12 tu, idadi ambayo simu nyingi huicheka, lakini inalenga hadi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi na inahifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, ambalo linakuachia nafasi kubwa ya kurekebisha rangi baadaye. Inashuka mita 15. Nikon W300 inashuka mita 30 ila haina faili ghafi, na kwa anayeelea juujuu na potwe, mita hizo za ziada ni mapambo. Hakikisha pia flashi inazimika kabisa, isiwe inajiwasha kwa hiari yake.

Jambo la mwisho ni la kwetu hasa. Kifuniko cha betri huzuia maji kwa mpira mwembamba, na chembe moja ya vumbi au unywele juu yake hutosha kuyafungulia njia. Mimi hufungua kifuniko ndani, feni ikiwa imezimwa, naufuta mpira, naweka betri iliyojaa, nafunga, na sifungui tena hadi nifike Kilindoni, kule Mafia.