Je, wajua kwa nini ubongo wa panya hujengwa kuanzia kwenye uwazi wake wa ndani?

Ndani ya ubongo wa panya, kama ilivyo kwa mamalia wengine, mna vyumba vinne vilivyojaa giligili, viitwavyo ventrikali. Ni rahisi kuvidhania kuwa nafasi zilizosalia baada ya ubongo kukamilika, ilhali mambo huenda kinyume: uwazi hutangulia, nao ubongo hukua kuuzunguka.

Mimba ya panya mdogo wa maabara huchukua takriban siku 19 hadi 21. Inapokaribia siku ya 9, bamba la seli lililo mgongoni mwa kiinitete hujikunja, kingo zake zikakutana na kufanya mrija wa neva, ambao uwazi wake ndio huja kuwa ventrikali. Wakati huo ukuta wa mrija una tabaka moja tu la seli ndefu, kila moja ikigusa giligili kwa ncha moja na uso wa nje kwa ncha nyingine.

Hapa ndipo penye ufundi mkubwa, kwa maoni yangu. Seli inapotaka kugawanyika, kiini chake husafiri ndani yake hadi kwenye ukingo wa ventrikali, mgawanyiko ukafanyika hapo hapo, kisha viini vipya vikarudi upande wa nje kunakili DNA kabla ya zamu nyingine. Mwendo huo, ulioelezwa na mtafiti F. C. Sauer mwaka 1935, huwezesha seli nyingi kubanana katika eneo dogo bila kuzuiana, kwa kuwa si zote zinazohitaji ukingo kwa wakati mmoja.

Mwanzoni kila mgawanyiko huongeza seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli nyingine, na ukuta hutanuka. Kati ya siku ya 11 na ya 17 hivi, seli hizo, ambazo sasa huitwa glia radiali, huanza kuzaa seli za neva, nazo hupanda kwa kufuata nyuzi za glia hizo hizo. Katika gamba la ubongo, zinazozaliwa baadaye huzipita zilizotangulia na kukaa juu yake.

Baadhi ya glia radiali hugeuka kuwa seli za ependima, zinazotandaza ukuta wa ventrikali. Silia zao nyingi, yaani vinyweleo vidogo sana, huota baada ya panya kuzaliwa, hasa katika majuma mawili ya kwanza, na husukuma giligili upande mmoja. Silia hizo zikiwa na kasoro, mara nyingi giligili hujikusanya na ventrikali kuvimba.

Hata hivyo, si seli shina zote zinazokoma. Katika ventrikali za pembeni za panya mzima, baadhi yake hubaki zikizungukwa na ependima mithili ya kitovu cha ua katikati ya petali zake, zikiendelea kuzaa seli changa za neva, ambazo husafiri milimita kadhaa hadi kwenye sehemu ya mbele ya ubongo inayopokea taarifa za harufu.