Kezia Hakubuniwa Mlimani
Hapa Lamu nimesikia ikidaiwa kwamba majina ya watu wa kale wa milima ya Appalachia, Marekani, kama Keziah, Jemima na Hezekiah, yalizuliwa na wanavijiji wasiojua kusoma. Dai hilo linawavunjia heshima bure. Fungua Kitabu cha Ayubu, sura ya 42, aya ya 14: binti zake ni Yemima, Kezia na Keren-hapuki, naye Hezekia alikuwa mfalme wa Yuda. Majina hayo yalikuwa yakitumika Uingereza na katika makoloni yake ya Marekani tangu karne ya 17, na mlimani yalidumu kwa kuwa wajukuu walirithi majina ya bibi na babu zao, kama sisi tunavyorithishana Mwanakombo na Shee, ilhali mijini yalikwisha kuachwa.