Je, wajua kwa nini tairi kubwa na difloki huvunja ekseli ya nyuma?

Gari la 4x4 linaweza kupanda mawe miaka mingi na ekseli yake ya kiwandani bila kulalamika. Mwenyewe akishalivalisha tairi za inchi 35 na kuliwekea difloki nyuma (kifaa kinachofunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja), shafti inayozungusha gurudumu, yaani hafushafti, inakatika kwenye mwinuko uleule wa kila siku. Injini ni ileile, dereva ni yuleyule. Kuanzia hapo watu hugawanyika: wapo wanaosema nunua shafti ngumu zaidi, na wapo wanaosema toa ekseli yote, weka kubwa. Kabla ya kuchagua upande, inafaa kujua ni nini hasa kilichoivunja.

Tuanze na injini. Chukua injini ya kawaida yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm (niuton-mita) 300. Gia ya kwanza huizidisha mara 4 hivi. Ukiingiza gia nzito ya transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), tuseme yenye uwiano wa 2.72 kama ilivyo kwenye Jeep nyingi, inazidishwa tena. Difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ikiwa na uwiano wa 3.73 nayo inaongeza yake. Zidisha zote upate zaidi ya Nm 12,000. Hakuna hafushafti ya gari dogo inayobeba mzigo huo peke yake. Basi kwa nini zisikatike kila siku?

Kwa sababu tairi huteleza kwanza. Gurudumu lililobebeshwa kilo 700, kwenye mwamba mkavu unaoshika vizuri, litakubali takriban Nm 2,300 kama tairi ni ya inchi 29, kisha litaanza kuzunguka bure. Ikizidi hapo, shafti haihisi nyongeza yoyote. Tairi ndiyo fyuzi ya mfumo mzima. Sasa weka tairi ya inchi 35 kwa uzito uleule na mwamba uleule: kiwango cha kuteleza kinapanda hadi karibu Nm 2,700, kwa kuwa umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ardhini umeongezeka. Umebadilisha tairi tu, na shafti imeongezewa mzigo kwa asilimia 20.

Hatari zaidi ni pale tairi isipoweza kuteleza kabisa. Ikibanwa kati ya mawe mawili huku dereva akikanyaga mafuta, fyuzi haipo tena. Hali ni hiyohiyo gurudumu linapozunguka kwa kasi hewani kisha likashuka ghafla kwenye mwamba mkavu. Mshtuko huo huvunja vyuma vingi kuliko uzito wa gari.

Difloki inaingiaje? Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa kushoto na kulia, kwa hiyo gurudumu moja likikosa mshiko, la pili nalo halipati zaidi ya kile kidogo anachopata mwenzake. Madereva huichukia tabia hii, na ni kweli inakwamisha gari, lakini inazilinda shafti. Ukifunga difloki, ulinzi huo umeuondoa: gurudumu moja likiwa hewani, nguvu yote inayokwenda nyuma inapita kwenye shafti moja. Ndiyo maana nikiulizwa kama ekseli fulani itatosha, swali langu la kwanza huwa la difloki. Tairi nauliza baadaye.

Mwinuko huongeza chumvi kwenye kidonda. Gari linapopanda, uzito hurudi nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na kazi kubwa inaangukia ekseli ya nyuma. Ya mbele ina udhaifu wake, hasa krosi zake (viungo vinavyoruhusu shafti kupinda) usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, lakini kwenye mwinuko mkali ya nyuma ndiyo inayobeba.

Sasa tuitazame shafti yenyewe. Uwezo wa fimbo ya chuma kuhimili kusokotwa hupanda kwa mchemraba wa kipenyo chake, kwa hiyo milimita chache si jambo dogo. Mfano unaojulikana sana ni wa Jeep Wrangler na Cherokee za zamani. Nyingi zilitoka na ekseli ya Dana 35 nyuma, yenye shafti za kipenyo cha karibu milimita 30 na meno 27 kwenye ncha inayoingia ndani ya difu. Dana 44 iliyowekwa kwenye baadhi ya Wrangler ina shafti za karibu milimita 33 na meno 30. Tofauti ya milimita tatu na ushee, kwa chuma cha aina moja, inatoa uwezo zaidi kwa theluthi moja na zaidi. Kraunwili, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, nayo inatoka kipenyo cha takriban sentimita 19 hadi 21.6. (Nambari 35 na 44 ni majina ya modeli tu. Usichukue rula kuzitafuta.)

Kuna jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko hesabu hizi zote: shafti imeshikwaje ndani? Kwenye ekseli nyingi ndogo, shafti huzuiwa isitoke kwa klipu ya umbo la C iliyo ndani ya difu. Shafti ikikatika, kipande cha nje hakishikwi tena na klipu ile, na gurudumu linaweza kuchomoka pamoja nacho. Aina nyingine huishika shafti kwa nje, kwenye beringi. Na zipo zile ambazo uzito wa gari unabebwa na habu (kitovu cha gurudumu), shafti ikiwa na kazi ya kuzungusha tu, kama ekseli za malori na aina nyingi za Dana 60. Hizo shafti ikikatika, unaichomoa, unaziba tundu, na gari linarudi kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Kwa mtu anayekwenda mbali na barabara peke yake, tofauti hiyo pekee inaweza kuamua suala zima.

Sasa uamuzi. Kama tairi hazizidi inchi 31 au 32 na difu ni ya kawaida, iache ekseli yako. Badilisha oili, kagua sili na beringi, nenda. Kama ni inchi 33 na difloki, shafti za aloi ngumu ya kromu na molibdenamu zinaweza kutosha kwa dereva mwenye mguu mwepesi. Kwa Dana 35 zipo hata seti zinazoleta shafti nene za meno 30 pamoja na difloki inayozipokea. Lakini kumbuka kwamba hapo umeimarisha shafti tu. Kraunwili, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) na mirija ya ekseli ni vilevile vya zamani. Ukifika inchi 35 na difloki, sioni sababu ya kuendelea kuipamba ekseli ndogo.

Sababu yenyewe iko kwenye uwiano wa gia. Gari lililokuwa na 3.73 kwa tairi za inchi 29, likivalishwa za inchi 35, linaendeshwa kana kwamba lina 3.09: zito kuondoka, na giaboksi inateseka. Kurudisha hali ya mwanzo unahitaji takriban 4.5, na gia inayouzwa iliyo karibu ni 4.56. Kwa hiyo difu itafunguliwa hata hivyo, na kraunwili na pinioni mpya zitanunuliwa hata hivyo. Tena uwiano mkubwa una pinioni ndogo: 3.73 kwa kawaida ni meno 41 kwa 11, ilhali 4.56 ni 41 kwa 9. Umeongeza mzigo kisha ukapunguza meno. Mtu akishalipia gia, difloki, shafti na kazi ya fundi kwa ekseli ndogo, ametumia fedha ambazo zingekwenda kwenye kubwa. Amua tairi ya mwisho unayoitaka kwanza, ndipo ugusie ekseli.

Kubadilisha nzima nako si kufungua nati nne na kufunga nne. Upana wa ekseli lazima uendane na gari. Vikalio vya springi vinakatwa na kuchomelewa upya, na pembe ya pinioni ikikosewa, propela shafti (ile inayotoka kwenye transfa hadi kwenye difu) inatetemeka na kula krosi. Urefu wa propela unaweza kubadilika. Nafasi za stadi za magurudumu zikitofautiana na za mbele, tairi moja ya akiba haitafaa pande zote. Kisha kuna mabomba ya breki, nyaya za breki ya mkono, sensa za ABS kama gari linazo, na mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma ikiwa umetoka kwenye drami ukaingia kwenye diski.

Ndiyo maana ekseli ya Ford Explorer ya miaka ya 1990, ile yenye kraunwili ya inchi 8.8, ilipendwa sana na wenye Jeep. Upana wake unakaribiana, stadi zake tano zina mpangilio uleule wa milimita 114.3, shafti zina meno 31, na kuanzia 1995 ilikuja na breki za diski. Cha kuchekesha ni kwamba nayo ina klipu ya umbo la C. Wengi walioikimbia Dana 35 kwa sababu ya klipu hiyo waliikuta tena walikohamia, ila kwenye shafti nene zaidi.

Ukubwa nao una gharama. Difu kubwa hushuka chini zaidi na kugonga mawe, na hula sehemu ya nafasi uliyoipata kwa tairi kubwa. Uzito wake hauko juu ya springi, kwa hiyo gari hurukaruka zaidi kwenye njia mbovu. Dana 60 chini ya gari jepesi lenye tairi za inchi 33 ni chuma cha kubeba bure.

Kabla ya kulipia chochote, chomoa shafti za sasa uzitazame meno yake. Yakiwa yamepinda badala ya kunyooka, chuma kimeshasokotwa kupita uwezo wake, hata kama hakijakatika. Tazama pia kama tairi za nyuma zinalika upande mmoja au sili zinavuja mara kwa mara, kwani huenda mirija imepinda, na shafti mpya ndani ya mrija uliopinda hazina maisha.

Ukishaamua, uwiano wa mbele ubadilishwe pamoja na wa nyuma. Tofauti ya 4.10 na 4.11 haina madhara, lakini 3.73 mbele na 4.56 nyuma itaibana transfa mara tu utakapoingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu. Gia mpya zizoeshwe taratibu: mwendo mfupi bila mzigo, zipoe, rudia mara chache, kisha mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 800 hivi, maana itakuwa na chembe za chuma.