Eti njiwa lazima awe amani? Ishara, motifu na dhamira tunavyozichanganya

Tuanze na hili la rangi. Nyekundu ni damu, nyeupe ni usafi, njiwa ni amani, nyoka ni adui, watu wameyakariri hivyo tangu shule, halafu mtu akikuta bibi harusi kavaa gauni jekundu kwenye riwaya anaandika "damu itamwagika", kumbe dada wa watu kapendeza tu bana. Ukweli ni kwamba ishara haiji na maana yake kutoka dukani. Inapewa maana na kazi ya fasihi yenyewe, yaani kitu kimewekwa wapi, nani anakishika, na mpaka mwisho kimegeuka kuwa nini. Na vitu vingi kwenye hadithi ni vitu tu. Kikombe ni kikombe mpaka mwandishi aanze kukusumbua nacho.

Dhana nyingine potofu ni kwamba motifu na ishara ni kitu kimoja, na hii nimeisikia hata kwa walimu. Sasa hebu chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19 unaoutazama mji wa Pate, ule wa kisiwani pwani ya Kenya, ukiwa umeshaanguka. Anakutembeza kwenye majumba ya matajiri, taa za kioo na za shaba zinawaka mpaka usiku unakuwa kama mchana, halafu anakurudisha mulemule na kuna kimya, makinda ya popo yananing'inia juu, buibui wametanda vitandani, na vile vidaka vya ukutani walimokuwa wakipanga sahani sasa wamelala vifaranga wa ndege. Kidaka kile ni ishara, picha moja iliyobeba mzigo mzima. Motifu ni ule mwendo wa "ilikuwa vile, sasa iko hivi" unaojirudia ubeti baada ya ubeti, kwenye mwanga, kwenye sauti, kwenye vitanda. Ukikitoa kidaka utenzi bado unasimama, ila ukiutoa ule mwendo sijui utabaki na nini.

Na dhamira je, yaani lile kazi inalolisema kuhusu mada yake? Mtu anaandika "dhamira ni kifo", nukta, kafunga karatasi. Kifo ni mada tu, utenzi unasema NINI kuhusu kifo? Mshairi pale anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha wale waliokuwa na kila kitu wako wapi leo, kwa hiyo anachodai ni kwamba moyo unaoishikilia dunia unajidanganya na ushahidi uko wazi mbele ya macho. Hiyo ni sentensi nzima, inaweza kubishiwa, neno moja huwezi kulibishia.

Halafu kuna wanaosaka jina la mtu. Shairi la "Mamba" la Abdilatif Abdalla liko kwenye Sauti ya Dhiki, iliyotoka 1973, mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?". Basi watu wanarukia kusema mamba ni rais fulani, mjadala umeisha. Historia ile inasaidia sana, siikatai, lakini mamba wa kwenye shairi anajigamba kwamba ataishi milele, na anajibiwa kuwa chenye mwanzo kina mwisho, sasa hapo anaenea mbabe yeyote wa zama zozote, hata bosi wako.

Ila sasa usigeuke useme "basi kila mtu na maana yake". Hapana, maana inadai ushahidi. Ukiniambia yule mamba ni mapenzi nitakuomba unionyeshe ubeti, na ule wa kwanza usiniletee, maana pale mshairi anasema tu kwamba anafumba, wafumbue wanaoweza.